Faili ghafi au JPEG kando ya uwanja: tathmini baada ya msimu mzima

Mpiga picha za mandhari akirudi nyumbani na faili 40 anaweza kukaa nazo wiki nzima, akizinyoosha moja baada ya nyingine, na hakuna atakayempigia simu. Mpiga picha za michezo hutoka uwanjani na faili 2,000, na moja kati ya hizo ilikuwa inasubiriwa tangu dakika tano baada ya bao kufungwa. Ndiyo maana ushauri unaorudiwa kila mahali, kwamba mtu makini hupiga ghafi (RAW, faili ambayo kamera haijaipika) na asiyejua hupiga JPEG (picha iliyokwisha kutengenezwa na kamera), haujawahi kunisaidia nikiwa nimechuchumaa nyuma ya ubao wa matangazo na mhariri anauliza picha iko wapi. Kwa msimu mmoja niliamua kupiga kwa zamu: mechi nyingine kwa ghafi tupu, nyingine kwa JPEG tupu, nyingine kwa zote mbili kwa pamoja, na nyingine kwa zile faili ghafi zilizobanwa ambazo kamera za miaka ya karibuni zimekuja nazo. Tathmini hii imeandikwa kwa ajili ya mtu ambaye tayari anajua kushika kamera, ila hajaamua aiweke kwenye mpangilio gani kabla kipyenga hakijapulizwa.

Niseme mapema msimamo wangu ili msomaji ajue anasoma maneno ya nani. Nilianza msimu nikiamini kwamba swali ni la ubora, nikaumaliza nikiamini kwamba ni swali la wakati wa kuamua. JPEG inakutaka uamue rangi, mwanga, ukali wa kingo na kiasi cha chenga, yaani vidoa visivyo na mpangilio vinavyoichafua picha, cha kuondolewa kabla mchezo haujaanza. Ghafi inakuruhusu kuyaahirisha karibu yote hayo hadi utakapokaa mbele ya kompyuta. Kuahirisha kuna bei yake, na bei hiyo hulipwa kwa muda, ambao katika kazi hii ndiyo mali adimu kuliko lenzi.

Kihisi cha kamera nyingi, yaani sehemu inayopokea mwanga, kimefunikwa na kichujio cha rangi kinachobeba jina la Bryce Bayer, mtaalamu wa Kodak aliyepata hataza yake mwaka 1976: nusu ya vinukta hupokea kijani, robo nyekundu na robo bluu. Faili ghafi ni kumbukumbu ya vipimo hivyo kabla havijawa picha, kila kimoja kikiandikwa kwa biti 12 au 14, yaani ngazi 4,096 au 16,384 za mwanga. JPEG, ambayo kiwango chake kilichapishwa mwaka 1992, ni chakula kilichokwisha kuiva. Kamera imekadiria rangi mbili zinazokosekana kwenye kila nukta, imepanga mizani ya weupe (yaani nini kihesabiwe cheupe chini ya taa iliyopo), imefuta chenga, imenoa kingo, imebakiza biti 8 kwa kila rangi, yaani ngazi 256, kisha imeigawa picha katika vipande vya pikseli 8 kwa 8 na kutupa, ndani ya kila kipande, yale ambayo jicho haliyatambui kwa urahisi. Taarifa za rangi hupunguzwa zaidi kuliko za mwanga, na hasara hiyo huonekana kwanza kwenye namba nyekundu iliyoshonwa juu ya jezi ya kijani: ukiikuza picha, ukingo wa namba unakuwa kama uliochovywa kwenye maji.

Watetezi wa ghafi hupenda kuiweka 16,384 kando ya 256 na kutangaza ushindi. Ulinganisho huo una ujanja kidogo. Vipimo vya kihisi hufuata mwanga ulivyo, kwa hiyo nusu ya ngazi zote, 8,192, humezwa na sehemu angavu kabisa ya picha, nusu ya zinazobaki huenda kwenye sehemu inayofuata, na vivuli huachiwa makombo. Ngazi 256 za JPEG zimepangwa kwa mkunjo unaokaribia jinsi jicho linavyoona, kwa hiyo kila ngazi inafanya kazi yake. Picha iliyopigwa kwa mwanga sahihi na ambayo haitaguswa tena haionyeshi tofauti kubwa kati ya faili hizo mbili. Tofauti hujitokeza pale unapoivuta picha: unapotaka kuinua uso uliofichwa na kivuli cha kofia, au kurudisha mikunjo ya jezi nyeupe iliyopigwa na jua la adhuhuri. Hapo ghafi ina akiba na JPEG haina, na kinachokuja badala ya akiba ni michirizi na mabaka.

Jambo la kasi lilinichukulia muda mwingi zaidi kuliko nilivyotarajia. Hesabu yake ni rahisi na haina huruma. Kihisi cha megapikseli 24 kinachoandika biti 14 kwa kila nukta hutoa biti milioni 336, sawa na megabaiti 42, kwa picha moja isiyobanwa. Ukipiga picha 20 kwa sekunde, hizo ni megabaiti 840 kila sekunde. Kadi ya SD ya aina ya UHS-II, hata kwa kikomo cha kinadharia cha njia yake, hupitisha megabaiti 312 kwa sekunde, na katika kuandika huwa chini ya hapo. Kinachozidi husubiri kwenye bafa, ile kumbukumbu ya haraka iliyo ndani ya kamera, na bafa ikijaa, kamera iliyokuwa ikicharaza kama cherehani huanza kukohoa picha moja moja. JPEG nzuri ya kihisi hicho hicho huwa na megabaiti 10 hivi, kwa hiyo picha 20 kwa sekunde hudai megabaiti 200, mzigo ambao kadi nzuri inaubeba.

Niliyajua haya kwa karatasi kabla ya kuyajua kwa uchungu. Katika mbio za kuruka viunzi za mita 400, nilianza kubonyeza wakimbiaji walipotoka kwenye kona ya mwisho, nikiwa nimeweka ghafi isiyobanwa, na sikuachia kidole. Nina picha nzuri kabisa za kiunzi cha tisa na cha kumi. Za mstari wa kumalizia nina mbili: moja kabla mshindi hajafika, na nyingine ameshapita anashika magoti. Bafa ilikuwa imejaa kati ya hizo mbili. Mtu aweza kusema, na kwa haki, kwamba kosa lilikuwa la kidole na si la faili, kwa kuwa mpiga picha mzoefu hupiga vifungu vifupi na kuiachia kamera ipumue. Nakubali. Lakini kuna michezo ambayo haikupi nafasi ya kuipumzisha kamera, kama mashambulizi mawili yanayofuatana katika mpira wa kikapu, na huko ndiko JPEG inapolipa deni lake bila kelele.

Watengenezaji wenyewe wanalijua hili, na ukisoma vipimo vya kamera zao kwa makini utaona wapi wameweka mipaka. Sony a9 ya mwaka 2017 ilitangazwa kubeba JPEG 362 au ghafi zilizobanwa 241 katika mfululizo mmoja wa picha 20 kwa sekunde. Nikon Z9 ya mwaka 2021, yenye megapikseli 45.7, hupiga ghafi kwa picha 20 kwa sekunde. Ukitaka 30 kwa ukubwa kamili lazima uingie kwenye JPEG, na ukitaka 120 utapata JPEG za megapikseli 11 hivi. Hata uwezo wake wa kuhifadhi picha za muda mfupi kabla hujabonyeza kitufe hadi mwisho, ambao kwa mpiga picha wa mwogeleaji anayeruka kutoka jukwaani ni kama kupewa macho ya pili, uliletwa kwa JPEG peke yake. Kwa hiyo anayeapa kwamba hatapiga kamwe JPEG ajue kwamba amejifungia baadhi ya milango ya kamera aliyoinunua.

Kuna jambo dogo ambalo maelezo ya kamera hayaliweki wazi. Idadi ya picha zinazoingia kwenye bafa hupungua usiku. Chenga haibaniki, kila nukta inayotofautiana na jirani yake bila mpangilio ni taarifa mpya ambayo faili inapaswa kuibeba, kwa hiyo JPEG na ghafi iliyobanwa bila hasara, yaani bila kutupa taarifa yoyote, zote mbili hunenepa ISO, kiwango cha usikivu wa kamera kwa mwanga, inapopanda. Umati wa mashabiki nyuma ya golikipa hufanya vivyo hivyo, wakati anga tupu nyuma ya mruka juu huifanya faili iwe nyepesi. Usiiamini namba ya bafa uliyoipima ukiipiga picha dari ya nyumba yako.

Sasa nije kwenye taa, maana hapa ndipo ghafi ilipopata alama nyingi zaidi. Mchezo wa ndani, au wa usiku kwenye uwanja usiojengwa kwa ajili ya televisheni, hukulazimisha kwenye kasi ya shata ya 1/1000, lenzi ikiwa wazi kwa f/2.8, na ISO ya 6400 au zaidi. Taa nyingi za zamani za viwanjani hupepesa mara mbili kwa kila mzunguko wa umeme, yaani mara 100 kwa sekunde penye umeme wa hezi 50 na mara 120 penye hezi 60. Kwa kasi ya 1/1000 unakata kipande kidogo tu cha mpepeso huo, kwa hiyo katika picha kumi zinazofuatana utapata moja yenye rangi ya chungwa, moja ya kijani, mbili zenye giza na nyingine zilizo katikati. Mizani ya weupe ya kujiendesha hukimbizana na hali hiyo na kuchelewa kila mara. Ukiwa na JPEG, picha ya bao ikiangukia kwenye sehemu ya kijani, utahangaika nayo. Nyuso za wachezaji zitapata mabaka unapojaribu kuirudisha. Ukiwa na ghafi unabadilisha mizani ya weupe kana kwamba ulikuwa bado hujapiga, kwa kuwa ni kweli kwamba bado haijapigwa muhuri kwenye vipimo vya kihisi.

Kamera nyingi za michezo sasa zina mpangilio wa kuvizia kilele cha mpepeso na kufyatua hapo. Canon iliuleta kwenye EOS 7D Mark II mwaka 2014. Mpangilio huo unafanya kazi vizuri kiasi kwamba unapunguza nusu ya hoja ya ghafi katika kumbi za namna hiyo, ingawa unaweza kuichelewesha kamera kidogo. Dhidi ya mistari ya giza inayokata picha, ile inayotokea shata ya kielektroniki inaposoma kihisi mstari kwa mstari chini ya taa zinazopepesa, hakuna faili itakayokuokoa. Mstari ukishaandikwa, umeandikwa. Na picha iliyokosa fokasi ni picha iliyokosa fokasi, iwe na biti 8 au 14; nashangaa ni mara ngapi nimelazimika kulisema hili.

Jambo la pili la usiku ni namna chenga inavyofutwa. Kamera inapotengeneza JPEG ina sehemu ndogo ya sekunde tu ya kuamua kipi ni chenga na kipi ni uzi wa jezi, na kwa ISO ya juu hukosea kwa kulainisha kupita kiasi: nyasi zinakuwa zulia, nywele zinakuwa kofia, jasho kwenye paji la uso linapotea. Programu za kompyuta, hasa zile za sasa zinazotumia mitandao ya nyuroni kufuta chenga, hufanya kazi hiyo hiyo kwa sekunde kadhaa kwa kila picha na hulitenganisha jasho na chenga kwa umahiri ambao miaka kumi iliyopita nisingeuamini, na nyingi za hizo hufanya vizuri zaidi zikipewa faili ghafi. Picha zangu za mpira wa kikapu zilizopitia njia hiyo ndizo pekee za msimu ambazo ningethubutu kuzichapisha kwa ukubwa wa ukuta. Cha ajabu ni kwamba akiba ya vivuli niliyoisifu hapo juu karibu haina maana tena hapa: kila unapoongeza ISO maradufu unapoteza takriban stopu moja (kila stopu ni mwanga maradufu) ya upana wa mwanga, yaani umbali kati ya kivuli na sehemu angavu ambao kamera inaunasa, na kufikia 6400 chenga yenyewe imeshazifunika zile ngazi za ziada za biti 14. Biti 12 zinatosha kabisa usiku. Anayepiga ghafi ya biti 14 kwa ISO 12800 anajaza kadi yake kwa chenga zilizoandikwa kwa mwandiko mzuri.

Nina kisa kimoja cha mizani ya weupe ambacho siwezi kukiacha, kwa sababu ndicho kilichonifanya niheshimu ghafi kuliko hesabu zote. Nilitoka kwenye ukumbi wa taa za manjano jioni, na asubuhi yake nikaenda kwenye mechi ya mchana kwa JPEG bila kurudisha mpangilio. Nusu nzima ya kwanza ilitoka na rangi ya samawati, wachezaji wakionekana kama wametolewa kwenye jokofu, nami sikugundua kwa kuwa jua lilikuwa linawaka juu ya skrini ya kamera. Nilipojaribu kuzirekebisha, rangi nyekundu ya ngozi ilikuwa imeshapunguzwa mno. Kuirudisha kulileta vipele vya rangi mashavuni. Nilituma picha sita tu za nusu ile, zote za mbali. Kwa ghafi, kosa lile lingekuwa kazi ya kubofya mara moja kwa faili zote.

Baada ya hayo ungetegemea niihukumu JPEG. Siihukumu, na sababu ni mhariri. Methali ya haraka haraka haina baraka haikutungwa na mtu aliyewahi kusubiri picha ya mapumziko. Mwezi Novemba 2015 shirika la habari la Reuters liliwaagiza wapiga picha wake wa kujitegemea wasitume tena picha zilizotengenezwa kutokana na faili ghafi, bali zile ambazo kamera yenyewe ilizihifadhi kwa JPEG. Sababu zilikuwa kasi na uaminifu wa picha. Hoja ya kasi haina ubishi: faili ya megabaiti 10, au 3 ikiwa umechagua ukubwa mdogo, hupita kwenye mtandao wa simu uliosongwa na mashabiki wote wa uwanja, wakati ghafi ya megabaiti 42 haipiti. Hoja ya uaminifu inanisumbua kidogo, kwa sababu JPEG nayo imeshahaririwa, ila na programu ya kamera badala ya mkono wa mtu, na mtu anaweza kuidanganya JPEG vilevile. Hata hivyo naielewa: anayepiga ghafi ana kishawishi cha kuipamba picha hadi anga la saa tisa lifanane na la magharibi, na mhariri hana saa ya kumchunguza.

JPEG ina faida nyingine ambayo haitajwi mara nyingi, nayo ni kwamba inakulazimisha kufanya kazi yako. Katika wiki za JPEG tupu nilifika uwanjani mapema zaidi. Nilipima mwanga kwenye nyasi na kwenye jezi za timu zote mbili, nikapanga mizani ya weupe kwa kipande cheupe badala ya kuiachia kamera, nikashusha unoaji na ufutaji wa chenga hatua moja au mbili chini ya pale ulipowekwa kiwandani, nikapunguza ukali wa utofauti wa mwanga ili jezi nyeupe zisiungue, kisha nikafunga kila kitu kwa mkono. Chini ya jua lisilo na mawingu, ambapo mwanga haubadiliki kwa dakika 45, JPEG hizo zilikuwa tayari kutumwa jinsi zilivyo. Nilimaliza maelezo ya picha, nikaweka majina na namba za wachezaji, na nikafunga kompyuta wakati wenzangu wawili wa ghafi bado walikuwa wanasubiri faili zao zifunguke. Shida huanza pale nusu ya uwanja inapofunikwa na kivuli cha jukwaa na nusu nyingine ikabaki kwenye jua. Winga anayekimbia kutoka kwenye giza kuingia kwenye mwanga ni mtihani ambao JPEG huufaulu kwa shida.

Kuhusu kupiga zote mbili kwa pamoja, ghafi kwenye kadi moja na JPEG kwenye nyingine, watu wengi huliona kama suluhisho la busara. Mimi limenichosha. Kamera inaandika faili mbili kwa kila picha, bafa inajaa mapema kuliko kwa ghafi peke yake, kadi iliyo polepole kati ya hizo mbili ndiyo inayoamua mwendo, na mwisho wa siku una faili 4,000 badala ya 2,000. Zaidi ya hayo, wengi hawajui kwamba ndani ya faili ghafi nyingi tayari kuna JPEG iliyofichwa, ile ambayo kamera huitumia kukuonyesha picha kwenye skrini yake. Programu ya Photo Mechanic, ambayo wapiga picha wengi wa habari na michezo huitumia kuchambua, husoma JPEG hiyo ya ndani na ndiyo maana hupekua mamia ya faili ghafi bila kusitasita. Njia ya zote mbili ninamwachia mtu mwenye sharti la mteja: JPEG zinaenda kwa mhariri sasa hivi, ghafi zinabaki kwa ajili ya kalenda au bango la baadaye. Asiye na sharti hilo anabeba maji kwa ndoo mbili kwenda kisima kimoja.

Kilichonishangaza msimu huu ni ghafi iliyobanwa kwa hasara, yaani ile inayotupa baadhi ya taarifa ili faili iwe ndogo. Nilikuwa na dharau ya zamani juu yake, iliyotokana na sifa mbaya ya ghafi zilizobanwa za Sony za miaka ile, ambazo zilionyesha madoadoa pembeni mwa mistari yenye utofauti mkali, kama taa dhidi ya anga la usiku, hadi mwaka 2015 kampuni hiyo ilipoongeza chaguo la kutobana kabisa. Mambo yamebadilika. Canon ilileta C-RAW mwaka 2018, na Nikon Z9 ilikuja na ghafi zake za ufanisi wa juu zinazotumia teknolojia ya kubana ya TicoRAW ya kampuni ya intoPIX. Zote mbili hupunguza faili kwa kiasi kikubwa na bado hukuachia mizani ya weupe na sehemu kubwa ya akiba ya mwanga. Nilijaribu kuifichua hasara yake kwa kuinua vivuli kwa stopu nne, jambo ambalo sitalifanya kamwe katika picha ya michezo, na hapo tu ndipo nilipoona chenga ya ziada yenye rangi kwenye giza. Katika matumizi ya kweli, chini ya taa za uwanja, sikuweza kuitofautisha na ghafi kamili, na nilijaribu kwa nia mbaya. Tahadhari moja tu: faili za kamera mpya hazifunguki kwenye programu ya zamani hadi isasishwe, hivyo hakikisha kompyuta yako, na ya mhariri wako, inazisoma kabla ya siku ya fainali.

HEIF, aina nyingine ya faili ya picha, nitaipitia kwa kifupi. Ina biti 10 badala ya 8 na hubana vizuri kuliko JPEG, na kamera kama Canon EOS-1D X Mark III ya mwaka 2020 inaitoa. Lakini picha ambayo mpokeaji hawezi kuifungua ni sawa na picha ambayo haikupigwa, na mifumo ya wahariri niliyokutana nayo inangoja JPEG.

Njia niliyoishia kuitumia ni ghafi iliyobanwa pamoja na kigeuzi kilicho ndani ya kamera yenyewe. Wakati wa mapumziko, au mpira ukitoka nje, ninaweka alama kwenye picha mbili au tatu kwa kitufe cha kuilinda picha isifutwe, ninaiambia kamera itengeneze JPEG kutokana na hizo tu, nikiongeza mwanga kidogo au kurekebisha mizani ya weupe palepale, na kuzituma kwenye seva bila kufungua kompyuta. Kila picha huchukua sekunde chache. Si njia ya haraka kama JPEG ya moja kwa moja, na kwa anayetakiwa kutuma picha 60 kwa kila nusu haifai hata kidogo. Kwa anayetakiwa kutuma tano nzuri, inatosha, na nyumbani bado zipo ghafi za kushughulikia kwa utulivu.

Kwa hiyo, nikiwekewa mechi ya mchana yenye mwanga usiobadilika na mhariri anayesubiri, nitapiga JPEG ya ubora wa juu kabisa na sitaomba radhi. Nikipelekwa ukumbini, usiku, au kwenye uwanja wenye kivuli kilichougawa katikati, ni ghafi iliyobanwa, ya biti 12 kama kamera inanipa chaguo. Ghafi isiyobanwa nimeiondoa kwenye mifuko yangu ya michezo. Ina kazi yake kwenye picha za timu zilizopangwa, ambapo hakuna anayekimbia. Kwa mtu anayeanza, ambaye bado anakosea mwanga mara nyingi na hana mhariri wa kumkimbiza, ningependekeza ghafi iliyobanwa kwa kila mchezo hadi makosa yapungue, kisha wiki kadhaa za JPEG tupu kama adhabu yenye faida.

Linabaki suala la kuhifadhi. Tathmini nyingi hulisahau, na mashindano hulikumbusha kwa nguvu. World Press Photo, kwa mfano, hudai faili za asili kama kamera ilivyoziandika kwa picha zinazofika hatua za mwisho, na mwaka 2015 takriban asilimia 20 ya kazi zilizofika raundi ya kabla ya mwisho ziliondolewa kwa sababu ya uhariri uliopita kiasi. Faili uliyoifungua, ukaikata na kuihifadhi tena kwa JPEG juu ya ile ya mwanzo si ya asili tena, na kila unapoihifadhi upya baada ya kuigusa inapoteza kitu kingine. Ghafi haina hatari hiyo, kwa kuwa marekebisho kwa kawaida huandikwa pembeni na vipimo vya kihisi hubaki kama vilivyokuwa. Mimi hufunga folda ya JPEG za asili kwa kusoma tu kabla sijaanza kuchambua, na kwa ghafi hufuta mwezi mmoja baadaye zote ambazo sikuzipa nyota. Msimu huu zilizosalia zimeenea kwenye diski moja, na zile picha mbili za mstari wa kumalizia zimo ndani yake.